Nungu wa Bahari wa Katoyi

Jumamosi ile watu wote wa Katoyi walikuwa na mapanga mikononi, tena kwa amri ya serikali. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kila wiki, na mwaka ule wa sabini na sita aliyekosa salongo alilipa faini au alilala jela. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kurudi nyumbani kutafuta silaha. Walikuwa wamejipanga barabarani tangu asubuhi, mapanga, majembe na mabeleshi, wakifyeka majani kando ya mtaro, na nyumba ya mwalimu Habarurema ilikuwa hatua hamsini mbele yao.

Julienne Nyiramahirwe, mke wa mwalimu, alikuwa uani akichambua maharage aliposikia mapanga yamenyamaza. Akajua. Tangu Alhamisi, siku waliyomzika seremala Bulonza, majirani walikuwa wakimpita bila salamu, na jana yake mwanamke mmoja kisimani alimwaga maji yake yote kwa sababu kivuli cha Julienne kilipita juu ya ndoo. Ndiyo maana asubuhi ile yeye na mumewe waliona afadhali faini kuliko kutoka. Alishukuru Mungu kwamba binti yake, Perpétue, alikuwa kwa nyanya yake Rutshuru. Jiwe la kwanza likapiga bati. La pili, jiwe jeusi la volkano kubwa kuliko ngumi, likaingia dirishani na kuvunja kitu, na Julienne alijua limevunja nini kabla hata ya kusikia harufu.

Sebuleni kulikuwa na chupa thelathini na saba, na ndani yake viumbe wa bahari ambao Goma nzima haikuwahi kuwaona. Waswahili wa pwani wana majina yao ya kuwaita. Huku Katoyi watu waliwaita nungu wa bahari, kwa ajili ya miiba, na mwalimu mwenyewe aliwaita oursins. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Masisi aliyesoma biolojia Kisangani, kisha akapelekwa miaka miwili Tuléar, huko Madagascar, kujifunza mambo ya bahari. Nani aliona kwamba Goma, iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani, ina haja na mtaalamu wa bahari, hilo tumwachie Mungu. Alirudi na masanduku matatu, akapewa kufundisha sekondari, na shule ikamwambia haina mahali pa kuweka chupa zake.

Aliyempa mahali ni Bulonza. Seremala yule alitengeneza rafu za mbao ukuta mzima, akakataa malipo ya nusu ya kazi, kwa sababu alipenda kuwatazama wale wadudu. Ni yeye peke yake mtaani aliyeuliza majina yao. Kulikuwa na mweusi wa miiba mirefu kama sindano za kufumia, anayechoma mtu hata kupita kiatu. Kulikuwa na mdogo wa zambarau anayechimba jiwe kwa meno yake matano na kukaa humo maisha yake yote. Mwingine miiba yake ilikuwa minene kama vidole, ungeweza kuandika nayo ubaoni. Mwingine alikuwa bapa kama biskuti. Na yupo mweupe wa miiba mifupi, anayejifunika majani na vipande vya kombe ili asionekane. Aina kumi na tisa kwa jumla, na kila moja, ukiigeuza, ina tano za kila kitu. Bulonza alikuwa akizihesabu kwa kidole juu ya kioo, tano, tano, tano, na kucheka kama mtoto.

Rafu zilipokamilika, Habarurema akafanya karamu Jumapili ya wiki ileile, na hapo ndipo kosa lilipofanyika.

Kivu nzima inajua hivi: ukimpa mgeni pombe ya nyumbani, wewe mwenye nyumba unatangulia kuonja, yeye akikuona. Pombe ya chupa unaifungua mbele ya macho yake. Hiyo si adabu tu, ni kiapo, kwa sababu katika nchi hii kuna kitu kinaitwa karuho, sumu ya pole pole, na kila mtu ana ndugu anayesemekana alikufa nayo. Hata adui yako unamwonjea. Lakini mwalimu siku ile alikuwa na nungu mweupe aliyekauka katika mkono wa kushoto, anawasimulia walimu wenzake na Bulonza habari za Tuléar, na hadithi ilikuwa imemnogea.

"Huyu njo banakulaka," alisema. "Bamama banaenda kwa miguu wakati maji inarudi nyuma, banapasua na kisu, ndani kuko nyama ya manjano mistari tano. Lakini kama banachuma kila siku bila kupumuzisha, anaisha. Na kama bavuvi banamaliza samaki yenye kulaka hawa weusi, weusi banajaa, banakula majani yote, jiwe inabaki upara. Mimi nilihesabu, metre carré moja moja, miaka mbili. Bahari ni shamba, papa Bulonza. Ukichuma bila kuhesabu, unabakia na miiba."

Akisema hivyo, mkono wake wa kulia ulijaza kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye glasi kutoka kwenye bidoni, dumu la plastiki, ukampa Bulonza. Hakuonja. Bulonza akaitazama glasi, akamtazama rafiki yake, kope zikapiga mara moja. Kisha akacheka akanywa.

Julienne aliona. Alikuwa amesimama karibu kiasi cha kunyosha mkono, kuchukua glasi na kusema "papa, ngoja nikuonjee", na jambo lingekwisha kwa kicheko. Hakufanya hivyo. Chumba kilikuwa na walimu wenye suruali za kupigwa pasi, na yeye alikuwa mke wa mtu aliyeona bahari, na aliona haya kuonyesha mambo ya kijijini mbele yao. Mwacha mila ni mtumwa, watu husema. Siku ile walioiacha walikuwa wawili, mmoja kwa kusahau na mmoja kwa majivuno, na Julienne alijua yeye ni yupi.

Usiku uleule tumbo la Bulonza likamshika. Jumatatu lilikuwa gumu kama ubao, Jumatano akafa hospitalini. Daktari aliwaambia wafiwa kwamba ni apendisiti, kidole tumbo kilipasuka ndani. Walimsikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati. Wao walikuwa wakikumbuka ile glasi isiyoonjwa, ambayo Bulonza mwenyewe aliwatajia kitandani.

Ijumaa akafika Nshobole, mdogo wake Bulonza, dereva wa lori wa njia ya Bunagana. Alikuwa amemletea kaka yake randa mpya iliyofungwa kwenye karatasi. Akakuta kaburi. Yule kijana alimpenda kaka yake aliyemlea, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini uchungu wa kweli ukipewa panga na umati, hauulizi mara mbili.

Basi mlango ukaanguka. Walimkuta mwalimu katikati ya sebule, mikono imetandazwa mbele ya rafu kana kwamba anazuia ng'ombe wasiingie shambani. Mpini wa jembe ukampata begani, wa pili mdomoni. Alipoanguka, watu wakamkanyaga wakapita kwenye chupa. Rafu za Bulonza ziling'olewa ukutani na watu waliokuja kumlipia kisasi Bulonza, na chupa zikamwagika sakafuni, vioo, miiba na maji yale makali ya kuhifadhia, formole. Harufu ikapanda. Macho yakawawasha, machozi yakawatoka, wakaanza kukohoa mpaka kutapika. Sasa hata wale waliokuja kutazama tu wakaamini.

Mwanamume mmoja, hana kiatu, aliinama kuokota nungu mweusi.

"Musiguse!" Habarurema alipiga kelele kutoka chini, damu mdomoni. "Musiguse ile maji. Ni sumu."

Mdomo huponza kichwa. Alisema kwa kumhurumia yule mtu asiungue vidole, kama ambavyo angemwambia mwanafunzi wake darasani. Chumba kizima kikamgeukia.

"Mumesikia," alisema Nshobole. Hakupandisha sauti. "Ni yeye mwenyewe anasema."

Walimburuta mpaka barabarani juu ya mawe meusi, wakampigisha magoti. Julienne alitoka mbio uani, wanawake wawili wakamdaka nywele, akamng'ata mmoja mkono, akapigwa kofi la sikio lililomfanya asisikie upande ule mpaka jioni. Alimwona mume wake na hakumtambua mara moja. Jicho moja lilikuwa limefunga, na mkono wa kushoto ulining'inia vibaya. Mbele yake Nshobole aliweka chupa kubwa, mojawapo ya chache zilizobaki nzima. Ndani yake alikaa nungu mweupe.

"Ulimupa mukubwa yangu pombe," alisema Nshobole. "Haukuonja. Ni kweli ao ni bongo?"

Mwalimu angeweza kusema uongo. Waliokuwa kwenye karamu walikuwa walimu, nao siku ile hakuna aliyeonekana mtaani.

"Ni kweli. Nilisahau."

"Mutu anasahau misa. Mutu anasahau kunawa mikono. Kuonja?"

Hapo akajisogeza muzee Twagirayezu, chef wa mtaa, aliyekuwa akisimamia salongo na daftari lake kwapani. Alikuwa na wasiwasi, jasho lilimtoka, na alitaka jambo liishe kwa njia yoyote isiyomdai ujasiri. "Prof," alisema, karibu kwa kubembeleza, "uliambia batu eti hii ni chakula. Batu banakumbuka. Basi onja kidogo, kila mutu aone, tumalize hii maneno. Kuonja haiue mutu musafi."

"Muzee, mududu ni chakula. Maji haiko chakula. Hii maji ni ya kutunza maiti."

"Aah," umati ukavuta pumzi. Kila neno la kweli alilosema lilikuwa jembe lingine la udongo katika kaburi lake.

Ndipo Julienne akakumbuka kopo la jikoni. Mwanamke mmoja wa Tuléar, mchumaji wa nungu, alikuwa amempa mwalimu zawadi ya kumpelekea mke wake, nyama ile ya manjano iliyokolezwa chumvi katika kopo dogo, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Julienne alilinusa siku ya kwanza, akalificha nyuma ya unga, hakuligusa tena. Sasa alijikokota kutoka mikononi mwa wale wanawake, akaacha kipande cha kitenge na kipande cha nywele, akakimbia jikoni akarudi nalo.

"Hii njo ya kula," alisema, akihema. "Ni mududu uleule. Muniangalie."

Akatumbukiza vidole, akatoa, akala mbele yao. Ilikuwa chumvi tupu na kitu kingine kama damu unapojing'ata ulimi. Alitafuna, akameza, akafungua mdomo wake waone. Kisha akanyosha kopo kwa mikono miwili kuelekea kwa Nshobole, kama inavyotakiwa.

"Nimeonja," alisema. "Sasa na wewe kula."

Hapo mambo yalikaribia kugeuka. Panga moja lilishuka, na jingine. Mwenyeji ameonja, mgeni anapewa. Kila mtu pale alijua mwendo wa jambo hilo tangu utotoni, na mwili wenyewe ulikumbuka. Chef alitikisa kichwa kwa kukubali. Nshobole alilitazama kopo, mkono wake ukainuka kidogo. Lakini alikuwa na randa ya kaka yake kiunoni, ameichomeka kwenye mkanda tangu jana, na kiwiko chake kilipoigusa alikunja uso kama aliyeamshwa. Akalipiga kopo likaruka mtaroni.

"Ile ni ya jikoni. Mukubwa yangu hakupewa ya jikoni." Akamshika Julienne shingo, akamlaza kifudifudi juu ya mawe, na ubavu baridi wa panga ukakaa chini ya sikio lake. "Prof, chagua. Kama wewe hauonje, bibi yako ataonja."

Julienne, shavu kwenye jiwe, alimwona mume wake kwa upande. Alitikisa kichwa kumkataza, na panga likamkata kidogo, akasikia joto likishuka shingoni. Habarurema alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akachukua chupa. Mkono wa kushoto haukumtii, akausaidia kwa kuubana kwenye kifua, ili ashike chupa kwa mikono miwili, kama anayepokea pombe ya mkwe. Alidhani pengine kidogo kitatosha. Alipoigusisha midomo, Nshobole alimwachia Julienne, akaweka kiganja chini ya chupa na kuisukuma juu.

Hakulia. Hakupata sauti ya kulilia. Alianguka upande, miguu ikapiga mawe, povu likatoka, kisha povu jekundu. Nungu mweupe aliviringika mpaka miguuni pa chef, naye chef akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Umati ulisimama ukitazama, kisha ukaanza kupungua, mmoja mmoja, bila mtu kumwangalia mwenzake. Dakika chache baadaye Julienne alisikia mapanga yakifyeka tena kando ya mtaro. Salongo ilikuwa haijaisha.

Aliyemsaidia alikuwa mtu wa kuni asiyemjua jina, aliyemwaga mzigo wake na kumlaza mwalimu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma njia nzima mpaka hospitali huku Julienne akishika kichwa kisigonge mbao. Daktari alimtazama koo, akazima taa yake ndogo, akasema litafanyika linalowezekana. Ni daktari yuleyule aliyemhudumia Bulonza. Alipojua sababu, alikaa kitini. "Lakini niliwaambia," alisema. "Niliwaambia apendisiti."

Mwalimu aliishi siku mbili bila sauti. Jumapili jioni alionyesha ishara ya kuandika, akapewa kalamu na karatasi ya mtihani iliyokuwa mfukoni mwake. Aliandika pole pole, herufi zimelala: Bulonza aliniangalia. Nilidhani anangoja nimalize hadithi.

Julienne alisoma. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena kamwe. "Mimi niliona," alimwambia. "Niliona hauonje, na niko karibu. Nilikuwa na haya juu ya wale bageni. Barthélemy, ni mimi." Hilo lilikuwa jina lake la ubatizo, ambalo serikali ilikuwa imelikataza; alilitumia wakiwa wawili tu. Mwalimu akaweka kalamu chini. Alitafuta mkono wake, akaubonyeza vidole vyote vitano, kimoja kimoja, mpaka akafika mwisho. Jumatatu kabla ya jua kutoka alikufa.

Sanduku lake lilitengenezwa kwa mbao za rafu. Hazikuwepo nyingine, na zile zilikuwa zimerandwa vizuri.

Matanga yalijaa watu. Mtaa wote ulikuja, wale walioshika mapanga na wale walioshika vichwa vyao, kwa sababu asiyekuja kwenye matanga ndiye anayesemwa. Julienne aliwasikia wakinong'ona nyuma ya mgongo wake. Wengine walisema mwalimu ameonewa. Wengine, tena wengi, walisema: si ameonja akafa? Basi ilikuwa sumu kweli. Aliwapitia wote na chakula, na kila glasi ya kasiksi aliyoitoa aliionja kwanza, mbele ya macho yao, mpaka kichwa kikaanza kumwuma.

Siku ya mwisho, mchana, chef Twagirayezu akamleta Nshobole. Alikuwa ameshapelekwa kwa daktari, ameambiwa neno la apendisiti uso kwa uso, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Alikuwa amekonda kwa siku tano. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, hakumtazama mtu. "Mama Perpétue," chef alianza kwa sauti ya mikutano, "tumekuja kumaliza maneno. Kijana anaomba..."

"Kwanza anywe," alisema Julienne. "Mutu hawezi kuomba na koo kavu."

Akaenda kwenye bidoni, ileile. Akajaza glasi. Wanawake waliacha kuosha vyombo. Alirudi taratibu, akasimama mbele ya Nshobole, akapiga goti kidogo kama mwanamke aliyelelewa vizuri, akamnyoshea glasi kwa mikono miwili. Hakuonja.

Nshobole aliipokea kwa sababu mikono yake ilizoea kupokea. Kisha akaona. Alitazama ndani ya glasi, akamtazama Julienne, na kope zake zikapiga, kama za kaka yake zilivyopiga, ila yeye hakucheka. Alijaribu. Aliinua glasi mpaka kifuani, mpaka kidevuni. Mdomo wake ulifunguka. Kasiksi ikamwagika juu ya vidole vyake, naye akaifuta haraka kwenye suruali kama kitu kinachounguza. Chef alitazama ardhi.

"Mukubwa yako alikunywa," alisema Julienne. "Hakuonjewa, na alikunywa. Juu alijua yeye ni rafiki ya nani."

Nshobole aliweka glasi chini, kwenye udongo, taratibu ili isimwagike. Akasimama. Alipita katikati ya watu na hakuna aliyempisha wala aliyemzuia, akatoka kwenye uzio wa mawe. Hakupanda tena Katoyi; lori lake baadaye lilionekana Rutshuru na Bunagana, lakini mizigo ya mtaa ule aliwaachia wengine.

Julienne aliinama akaokota ile glasi. Ndani hakukuwa na kitu ila kasiksi ya ndizi, tamu, imeanza kuchacha. Aliwazungushia macho wote, wale wa mapanga na wale wa minong'ono, akaona kila mmoja wao amezuia pumzi, bado wanangoja kuona kama atainywa na kama ataanguka. Akainywa yote, mpaka chini, akaigeuza waone haina kitu. Kisha akaenda kuiosha.